Kikapu cha Mishale Tisini

Paukwa!
— Pakawa!
Niilete hadithi, au nirudi nayo?
— Ilete, nasi tutaihesabu!
Basi kaeni vyema, na mwenye vidole kumi aviweke tayari.

Zama za kale, katika nchi ya Uyunani, palikuwa na mji mdogo uitwao Halmira. Mbele yake bahari, nyuma yake mlima. Baina ya mlima na bahari palikuwa na njia moja ya kuingilia, nyembamba, ya kupita watu wanane bega kwa bega. Wanane, hawazidi.

Siku moja vumbi likapanda hadi likaficha mlima. Waajemi hao! Wangapi? Elfu themanini. Na Halmira ilikuwa na wapiganaji wangapi? Tisini. Si elfu tisini, jamani. Tisini!

Kiongozi wao alikuwa Timokari, mfinyanzi wa mitungi. Akawakusanya, akasema, "Ndugu zangu, kushinda hatuwezi, tusidanganyane. Lakini ng'ambo kuna kisiwa, nasi tuna mashua sita. Kila mashua huchukua watu thelathini, safari mbili kwa siku. Wake zetu, watoto, wazee na wagonjwa ni elfu moja na themanini."

Pigeni hesabu pamoja nami. Sita mara thelathini, mia moja na themanini. Mara mbili, mia tatu na sitini kwa siku. Kuwavusha wote kunataka siku ngapi?
— Tatu!
Tatu kamili.

"Tukiizuia njia siku tatu, watapona wote," akasema Timokari. "Tukiizuia mbili, watu mia tatu na sitini watakutwa ufukweni."

Fokio, mvuvi wa pweza, ambaye hata msibani alikuwa hajui kunyamaza, akakuna kichwa. "Elfu themanini kwa tisini! Yaani kila mmoja wetu ana wageni mia nane themanini na wanane, na chenji. Nami nyumbani nina vigoda viwili!"

Wakacheka. Lakini hesabu haikucheka.

Ndipo akajitokeza Bibi Mirto, kikongwe muuza kuni, anamvuta punda wake. "Timokari mwanangu, tangu walipokuwa wakipigana na majirani zetu nyuma ya mlima, mimi huwapelekea Waajemi kuni kambini. Napita juu, njia ya mbuzi, wao hawaijui. Nimeona desturi yao. Askari anayekwenda vitani hutumbukiza mshale mmoja ndani ya tenga. Jioni akirudi, huchukua mmoja. Mishale inayobaki ndiyo idadi ya waliopotea. Jemadari wao, Bagafarna, haamini macho yake. Huamini tenga."

"Sasa wewe wataka nini, Bibi?"

"Niokoteeni mishale watakayowarushia."

Siku ya kwanza kukapambazuka. Waajemi elfu tatu wakapita mbele ya matenga, kila mmoja akatumbukiza mshale wake. Kisha wakaja mbio njiani, wanapiga kelele! Lakini njia ni ya watu wangapi? Wanane. Wakaja wanane, wakaanguka wanane. Wakaja wanane, wakaanguka wanane. Wakaja wanane, wakarudi nyuma wakikanyagana!

Mishale ikanyesha. Ko! Ko! Ko! juu ya ngao. Fokio akawa anaiokota huku anapiga kelele, "Ongezeni, ongezeni! Hii ni michache, kuni za Bibi hazijatosha!"

Mishale mia mbili ikafichwa ndani ya kuni. Bibi Mirto akapanda na punda wake, akashuka kambini. Walinzi wawili wa matenga walikuwa wamesimama juu ya jiwe, shingo ndefu, wanatazama vita.

"Shikamooni, baba zangu. Naomba kivuli kidogo, miguu imekufa."

"Kaa hapo, Bibi, usitusumbue. Tazama, mwenzangu! Yule mwenye ngao iliyotoboka bado amesimama!"

Wao wakatazama vita. Yeye akatazama tenga. Mia mbili ndani. Akarudi, akaja tena. Mia mbili ndani. Akarudi, akaja mara ya tatu.

"Bibi, leo kuni zako haziishi?"

"Mkishinda mtataka kupika, mwanangu."

Mia mbili ndani!

Jioni askari wakarudi, kila mmoja akachukua mshale. Jemadari Bagafarna akahesabu iliyobaki. Mia nane! Akamwita akida wake, Roshaka.

"Umenipotezea watu mia nane katika uchochoro ule?"

"Mkuu, nimepoteza mia mbili. Nimewaona kwa macho yangu."

"Tenga lasema mia nane. Mia sita wako wapi?"

"Mkuu, labda tenga—"

"Tenga halina ndugu wa kumficha. Wewe unao! Mia sita wametoroka. Na kama mia sita hutoroka kwa siku moja, nitafika mjini na nani? Kesho hakuna vita. Kesho nalihesabu jeshi lote."

Mnajua walivyohesabu jeshi? Walijenga ukuta wa mawe wa duara, unaotosha watu elfu kumi waliobanana. Ukijaa, toka. Wengine, ingia. Elfu themanini ni kuujaza mara nane. Kila mara huchukua saa moja na nusu. Nane kwa saa moja na nusu?
— Saa kumi na mbili!
Tangu jua kuchomoza hadi jua kuzama. Ingia, banana, toka! Ingia, banana, toka! Na mashua zikienda na kurudi, Fokio akisimama njiani anaita, "Jamani Waajemi, mbona leo hamji? Tumekosa nini?"

Siku ya pili ikapita bila mkuki kurushwa.

Lakini hesabu ilipofungwa, jeshi lilikuwa elfu themanini kasoro mia mbili. Bagafarna hakuwa mjinga. Kama watu hawakupungua, basi mishale iliongezwa. Akawaita walinzi. "Nani alifika kwenye matenga?"

"Hakuna, Mkuu. Ila kikongwe mmoja na punda wake."

Alfajiri ya siku ya tatu Waajemi wakafuata mavi ya punda, donge kwa donge, hadi kwenye njia ya mbuzi.

Adhuhuri Bibi Mirto akawaona wakitokeza mlimani. Akakimbia, yeye wa miaka sabini! "Timokari, wanakuja kwa nyuma! Ni punda wangu, mwanangu. Ni mimi nimewaonyesha."

Timokari akatazama ufukweni. Palibaki watu mia na themanini. Safari moja tu.

"Bibi, punda wako ametupatia siku nzima. Sisi tutaongeza saa chache." Akawageukia wenzake. "Arobaini na watano mbele. Arobaini na watano nyuma."

Kisha akaokota mshale wa Kiajemi, akautumbukiza ndani ya kikapu cha kuni cha Bibi Mirto. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu. Hadi wote tisini.

"Wangu ni huu wenye unyoya mwekundu," akasema Fokio. "Jioni nisikute umempa mtu, Bibi."

Wakapigana kwa mikuki hadi ikavunjika. Wakapigana kwa panga hadi zikapinda. Wakapigana kwa mawe, na mashua ya sita ikang'oa nanga, Bibi Mirto ndani na kikapu chake!

Huko kisiwani Bibi Mirto akakaa ufukweni na kikapu chake. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu akasimama, akawaita watoto waliovuka.

"Njoo, mjukuu wangu, chukua mmoja. Wewe ndiwe uliyerudi."

Mtoto mmoja, mshale mmoja. Ukabaki wenye unyoya mwekundu. Akamkabidhi binti mdogo wa Fokio. Naye akautikisa mbele ya watu, akauliza, "Mbona mmoja tu, Bibi? Ongeza!" Na kwa mara ya kwanza tangu wavuke, watu wakacheka.

Kikapu kikawa kitupu. Nanyi mnaijua hesabu ya Waajemi: kikapu kikiwa kitupu, wamepotea wangapi?
— Hakuna!

Hesabu imetimia, nami naifunga. Kila aliyesikia achukue mshale wake, aende nao salama.
— Tumechukua!