Jibu la Kwanza Baada ya Usingizi

Wapendwa, nawaona wawili watatu huko nyuma mmeshaanza kusinzia, na ibada bado mbichi. Hamna neno. Mfano wa leo unahusu usingizi.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuhakiki. Mafundi wa huku na huko walitunga marekebisho ya mfumo unaoendesha kompyuta, naye aliyasoma mstari kwa mstari kabla hayajaingia kwenye mashine za watu. Akikubali, yanapita. Akikataa, fundi ananuna. Alishazoea kununiwa.

Asubuhi moja fundi kijana akamletea dawa ya ugonjwa wa ajabu. Kulikuwa na aina ya kompyuta mpakato ambayo ukiifunga inalala, ukiifungua inaamka. Lakini mfumo ukiiuliza, "Kifuniko kiko wazi?" yenyewe inajibu, "Kimefungwa." Basi mfumo, kwa utiifu wake, unailaza tena. Kosa halikuwa la mfumo. Lilikuwa la programu ndogo iliyotiwa ndani ya chuma chenyewe kule kiwandani. Jibu lake la kwanza lilikuwa la usingizini, kama baba aliyeamshwa ghafla akampa mwanawe shikamoo.

Na dawa ya kijana? Fupi kabisa: mashine za aina hii zikiamka, jibu lolote zitakalotoa, lichukuliwe kinyume.

Mama akaijaribu, ikafanya kazi. Akaijaribu tena, moyo ukasita. Akampigia kijana simu.

"Mwanangu, hongera, ugonjwa umeujua. Ila siku wenye kiwanda wakirekebisha kosa lao, itakuwaje?"

"Hao? Mama, hao hawarekebishi kitu! Dada yangu ni muuguzi wa zahanati, anayo mashine hiyo hiyo, na kumbukumbu zote za chanjo zimo humo. Umeme wake ni wa jua. Akiifunga, haiamki. Asipoifunga, chaji inakwisha asubuhi ile ile, kina mama wanarudi na watoto bila chanjo. Nipitishie tu, nakuomba."

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mimi ningepitisha, nikaenda zangu kunywa chai. Mama yule aliwaona wale watoto kana kwamba wamepangwa mbele ya meza yake. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Akakiondoa.

"Ikisema kimefungwa, mfumo usubiri kidogo, uiulize mara ya pili ikishaamka sawasawa," akasema. "Andika hivyo. Siondoki hapa mpaka uniletee."

Kijana akanuna, lakini akaandika. Siku hiyo hiyo dawa mpya ikapita, na muuguzi akawa anafunga na kufungua kwa raha zake.

Miezi ikaenda. Kiwanda kile kile, cha wale wasiorekebisha kitu, kikarekebisha. Tangu hapo mashine ya muuguzi ikiamka inasema kweli. Yeye hakujua lolote. Alikuwa na foleni ya watoto wanaolia. Ila kijana alikuwa mdadisi. Akaitafuta dawa yake ya kwanza, ile iliyokataliwa, akaitia kwenye mashine iliyokwisha kupona, akafungua kifuniko. Mashine ikasema, "Kiko wazi." Kweli tupu! Dawa ikageuza neno: "Kimefungwa." Mashine ikalazwa. Akaiamsha, ikasema kweli, ikalazwa tena.

"Mama," akasema kwenye simu, sauti imemshuka, "imepona, na mimi naiadhibu kwa kusema kweli."

Jamani, namvulia kofia mama huyu. Aliwahurumia wagonjwa wa leo, na bado akamwachia mkosaji nafasi ya kupona.

Sasa tuje kwetu sisi. Yuko ndugu aliyewahi kutujibu uongo. Alisema hanywi, tukamkuta kilabuni. Tangu siku ile tukaandika ndani ya mioyo yetu: huyu akisema lolote, chukua kinyume. Akisema ameacha, tunakonyezana. Akitoa sadaka, tunauliza kaipata wapi. Mtu amepona, wapendwa, na kila akiamka tunamlaza! Kama Mungu angetuchukulia sisi hivyo, nani angekuwa macho humu ndani leo?

Wako unamjua kwa jina. Tukitoka hapa, mfuate, umuulize hali. Na kama jibu lake la kwanza hukuliamini, usiondoke. Muulize tena.