Siku Bustani ya Bi Ndovu Ilipozinduliwa

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa na ofisi hata kabla hawajapata la kufanya humo, palikuwa na ndovu mmoja aliyewekwa mahali ili atazamwe.

Mahali penyewe paliitwa Bustani Kuu ya Kumtunza na Kumtazama Ndovu. Bustani kwa jina tu, jani hata moja hamna. Ilikuwa sakafu ya saruji, kubwa kama uwanja wa shule, na handaki refu limeizunguka pande zote. Ndovu, mjuavyo, anaweza kung'oa mti na mizizi yake, lakini kuruka hawezi, hata afukuzwe na moto. Njia ilikuwa moja: daraja la magogo, ambalo Kifaru, mlinzi, aliliinua na kulishusha kwa mnyororo akiwa ng'ambo. Kiriiii! juu. Kiriiii! chini. Kifaru hakuwa mtu wa maswali. Akipewa karatasi yenye muhuri, anafanya. Asipopewa, amesimama.

Bi Ndovu alikuwa na jamaa mmoja tu pale mjini. Pimbi.

Ndiyo, pimbi! Yule mnyama wa mawemaweni, ukimwona kwa mbali utasema sungura aliyekatwa masikio. Msicheke. Wajuzi wa nasaba wanasema pimbi na ndovu ni damu moja. Pimbi mwenyewe akiambiwa udugu huo ni wa mbali, hujibu, "Tumepishana kimo tu, damu haikupishana." Basi alimwita Bi Ndovu shangazi, na kila asubuhi aliteremka handakini akapanda ukuta wa pili kama mjusi, kwenda kumpelekea umbea wa mjini.

Asubuhi moja akamkuta anayumba. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Macho yako ng'ambo.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Miguu imeamkaje?"

"Inawaka. Saruji hii asubuhi barafu, mchana kaango." Bi Ndovu akashusha pumzi, fuuu! "Lakini leo miguu naisamehe. Jamaa zangu wanakuja."

"Nani kakwambia?"

"Nyayo. Sisi husikiana kupitia ardhini. Hapa juu ya saruji napata kidogo kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Lakini ni wao. Ijumaa watavuka mto kwenda malisho ya masika. Wakishavuka, basi tena, mpaka mwaka ujao." Akainua mguu mmoja. Kucha zilikuwa zimepasuka. "Na miguu hii, mwanangu, mwakani haifiki."

Pimbi alitaka kusema neno la kuchekesha, kama kawaida yake. Akaliacha, akateremka handakini.

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Fisi. Huyu alikuwa Katibu wa Bustani, na papo hapo Mkuu wa Itifaki wa Mfalme Simba. Kwa kuwa alikuwa na vyeo viwili na meza mbili, alijiandikia barua kutoka meza hii, akahamia ile, akajijibu.

"Nataka shangazi yangu aachiwe," akasema Pimbi.

"Kwi kwi kwi! Shangazi!" Fisi akacheka mpaka faili zikaanguka. "Suala hilo, bwana mdogo, linajadiliwa."

Na kweli lilikuwa linajadiliwa, mwaka wa tatu huo. Baraza lilikuwa limegawanyika. Twiga na wenzake walisema ndovu abaki: huko nje kuna majangili, humu kuna usalama, tena watoto watamjuaje ndovu wasipomwona? Nyumbu na wenzake walisema aachiwe: ndovu ni wa kutembea kutwa, na mtoto anayemtazama ndovu aliyesimama hajifunzi ndovu, anajifunza kusimama. Hoja zote mbili zilipigiwa makofi. Ikaundwa kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikaomba viti.

"Na ripoti yangu iko wazi," Fisi akaendelea, akifungua faili. "Sikiliza: 'Ndovu ana furaha. Anapapenda mno mahali hapa. Hucheza kutwa, kushoto na kulia.'"

"Anacheza?"

"Kwa hiari yake! Hata ngoma hakupigiwa."

"Bwana Fisi, yule hachezi. Yule anaumwa."

"Wewe daktari?"

"Mimi mpwa."

"Basi, mpwa, leta malalamiko yako nakala nne. Kamati inakutana baada ya masika."

Baada ya masika! Pimbi akatoka, akakaa juu ya jiwe, akawaza mpaka kivuli chake kikahamia upande wa pili. Akaliona kosa lake. Alikwenda kuomba jambo likome, na ofisini hakuna kinachokoma. Ofisini mambo huanza tu.

Jumatano akarudi, manyoya kayachana, karatasi iko kwapani.

"Nimekuja kukupongeza, Bwana Fisi. Bustani nzuri namna ile! Hivi siku ya uzinduzi nilikuwa wapi mimi? Mtukufu alipokata utepe?"

Fisi akafungua faili. Akaifunga.

"Hakukata," akasema taratibu. "Tulimwingiza ndovu kwa haraka. Tukasema utepe utafuata."

"Ala! Haijazinduliwa?" Pimbi akajishika kichwa. "Na wewe ndiye Mkuu wa Itifaki! Miaka mitatu shangazi yangu anakaa mahali ambapo Mfalme hajapakanyaga! Yaani amemtangulia Mtukufu!"

Lazima niwaeleze, wanangu, maana nyinyi hamkuwapo. Katika nchi ile kitu kisichozinduliwa hakikuwapo. Wa kijiji cha jirani walikuwa na kisima kimejaa maji hadi juu, na mwaka wa tano huo walikuwa wakiteka mtoni, wanamngoja mgeni rasmi.

Fisi akaanza kutoka jasho. "Sasa tufanyeje?"

"Mambo madogo. Kwanza ndovu atoke."

"Atoke!"

"Kidogo tu, bwana. Mtukufu atazinduaje nyumba yenye mtu ndani? Ndovu atoke, asimame kando. Mtukufu na wakubwa waingie, wakate utepe, wahutubie. Kisha Bi Ndovu aitwe, aingie rasmi, kama ndiyo mara ya kwanza."

"Na asipokuja?"

Pimbi akamtazama kwa huruma. "Bwana Fisi, ripoti si yako? Anapapenda mno. Atakuja mbio, ujihadhari usikanyagwe. Au ripoti ina kasoro? Kama ina kasoro sema, twende tukamweleze Mtukufu."

"Haina kasoro!" Fisi akaruka kitini.

"Basi. Ratiba hii hapa, nimekupunguzia kazi. Nimeweka Ijumaa."

Fisi akaipitia mbiombio, akitafuta jina lake liko mstari wa ngapi. Lilikuwa la pili, kwa herufi kubwa. Hakuona sababu ya kusoma zaidi. Akauchukua muhuri wa Mfalme. Pwaa!

Ijumaa asubuhi watoto wa wanyama walijaa ukingoni mwa handaki, kila mmoja na karanga zake mkononi, maana ndiyo ilikuwa desturi yao, kumtupia ndovu karanga. Kifaru akafunua ratiba, akaisoma kwa sauti kubwa, neno baada ya neno.

"Daraja lishushwe. Ndovu atoke. Wageni waingie." Kiriiii! Bi Ndovu akatoka. Mfalme Simba akaingia kifua mbele, Fisi nyuma yake, Twiga nyuma ya Fisi. "Daraja liinuliwe, kwa usalama wa wageni." Kiriiii! "Hotuba. Kisha daraja lishushwe, ndovu atakapofika kuingia rasmi." Akaikunja ratiba, akasimama.

Bi Ndovu alikuwa kando, nyuma ya kichaka, nyayo zake ziko udongoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Masikio yake makubwa yalikuwa yakitanuka polepole.

"Shangazi," Pimbi akanong'ona, "hotuba ya Fisi huchukua saa mbili."

"Na mtoni?"

"Saa mbili, kwa miguu mizima."

"Kwa hii yangu?"

"Mtukufu naye atahutubia."

Bi Ndovu akamgusa kichwani kwa ncha ya mkonga, akageuka, akaenda. Na ndovu akitaka, wanangu, hutembea kimya hata kwale hashtuki.

Fisi akahutubia. Alianzia dunia ilipoumbwa, akapitia mafuriko makubwa, akamshukuru kila aliyehudhuria na wengine ambao hawakuhudhuria. Simba naye akahutubia. Jua likapanda. Hatimaye utepe ukakatwa, kwacha! na Mfalme akanyoosha mkono kuelekea daraja.

"Na sasa, tumpokee ndovu wetu!"

Vigelegele! Makofi! Kisha kimya. Tiii.

"Nimesema tumpokee ndovu wetu!"

"Atakuja, Mtukufu!" Pimbi akajibu kutoka ng'ambo. "Ripoti inasema anapapenda!"

Wakangoja. Saa sita. Saa saba. Saruji ikawa kaango lililosahauliwa jikoni.

"Kifaru!" Simba akanguruma. "Shusha daraja!"

Kifaru akaikunjua ratiba. "Ndovu yuko wapi?"

"Mimi ni Mfalme wako!"

"Ndiyo, Mtukufu. Na huu ni muhuri wako." Akauinua wote wauone. "Daraja lishushwe ndovu atakapofika. Mimi sijaona ndovu."

"Fisi! Badilisha ratiba!"

"Mabadiliko yanataka muhuri, Mtukufu."

"Muhuri uko wapi?"

"Ofisini."

"Na ofisi iko wapi?"

Fisi akaonyesha ng'ambo ya handaki.

Najua mnachojiuliza. Simba si huruka? Huruka. Handaki lile angeliweza, akijikaza. Lakini wapi mmemwona mgeni rasmi akiruka handaki mbele ya watoto? Na akidondokea tumbo? Fisi na Twiga nao hawakuweza kujaribu, kwa kuwa haifai kabisa kuondoka kabla ya mgeni rasmi. Itifaki ikawashika wote watatu kuliko mnyororo.

Simba akainua mguu wa kushoto, aupoze. Akashusha, akainua wa kulia. Kushoto, kulia. Fisi, asije akaonekana amemwacha Mfalme peke yake, naye kushoto, kulia. Twiga akafuata, na shingo ikamfuata Twiga.

"Mama! Mama!" mtoto wa ngiri akapiga kelele. "Tazama, wanacheza!"

"Wana furaha, mwanangu," mama yake akamjibu. "Watupie karanga."

Ta! Ta! Ta! Karanga zikamiminika. Moja ikamtua Mfalme juu ya pua.

"Hatuchezi!" Simba akanguruma mpaka vumbi likaruka. "Tunaungua!"

Watoto wakashusha mikono yenye karanga. Twiga akainamisha shingo, akaitazama ile saruji kwa karibu, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukitia saini.

"Fisi," akasema Simba, safari hii kwa sauti ya chini. "Yule ndovu, alikuwa anacheza hivi hivi?"

"Hivi hivi, Mtukufu."

"Miaka mitatu?"

"Mitatu, Mtukufu."

"Na wewe ukaandika furaha."

Fisi akajipekua kwapani, akitafuta nakala ya jibu.

Wakati huohuo, mbali, upande wa mtoni, ikasikika sauti ya ndovu: Paaaaru! Mara ikajibiwa na nyingine, na nyingine, mpaka usingeweza kuzihesabu. Pimbi, aliyekuwa amekaa juu ya nguzo ya daraja bila kula tangu shangazi yake aondoke, akafumba macho. Alipoyafumbua, akakohoa kidogo.

"Samahani, Mtukufu. Kubadilisha kunataka muhuri. Je, na kufunga?"

"Kufunga nini?"

"Bustani."

Simba akamgeukia Fisi. Fisi, ambaye hakutembea bila kitabu cha taratibu, akakipekua. "Kuanzisha... kupanua... kukarabati... kuhamisha... kubadilisha jina..." Akafika jalada la nyuma. "Kufunga hakumo, Mtukufu. Hatujawahi kufunga kitu."

"Kama hakumo, basi hakuna masharti," akasema Pimbi. "Neno tupu la Mtukufu linatosha."

"Nimeifunga!" Simba hakumngoja amalize. "Nimeifunga leo, sasa hivi! Na ndovu akakae atakako!"

Kifaru akawaza. Ilimchukua muda, na wale watatu waliuhesabu muda huo kwa nyayo zao. "Bustani haipo," akasema mwishowe. "Sasa daraja hili namzuia nani nalo?" Akauachia mnyororo. Kiriiii, puu!

Mfalme akatoka kwa hadhi, ila hatua zilikuwa fupi fupi na za haraka kuliko itifaki inavyoagiza. Fisi akarudi ofisini, akatia miguu ndani ya karai la maji, akaandika: "Bustani ilizinduliwa na kufungwa siku moja, kwa mafanikio makubwa." Ile kamati ndogo, nasikia, bado inangoja viti.

Simba, alipofika kwenye nguzo, alisimama.

"Pimbi. Wewe ulijua hatarudi."

"Mimi, Mtukufu?" Pimbi akafungua macho makubwa. "Mimi nilisoma ripoti, kama nyinyi."

Simba akageuka akaenda zake, akitafuta njia yenye kivuli.

Hadithi yangu imeshuka kwa Bi Ndovu ng'ambo ya mto, katikati ya dada zake, nami siivuti kurudi huku; nanyi, wanangu, shikeni hili: ukitaka kujua kama mtu anapapenda mahali, mfungulie mlango kwanza, ndipo uandike ripoti.