Mama Aliyeshika Saa

Wapendwa, kabla hamjaanza kuangalia mlango, nipeni dakika tano tu.

Mama mmoja alikuwa mchoraji. Kila Jumamosi asubuhi yeye na wenzake saba walikusanyika katika ukumbi mmoja wa kukodi, wakatumia pamoja meza, dirisha moja lenye mwanga mzuri na ndoo ya kuoshea brashi. Katikati waliketisha mtu kwenye kigoda, wakamzunguka, wakamchora. Walikuwa na utaratibu wao: anayechorwa hatikisiki mpaka aliyeshika saa aseme, "Pumzika." Na neno hilo lilisemwa kila baada ya dakika ishirini. Siku hiyo saa ilikuwa mkononi mwa mama huyu, na kwenye kigoda aliketi mzee mmoja fundi baiskeli, shingo ameigeuza dirishani kama alivyoelekezwa.

Sasa, aliyeketi jirani na mama huyu. Jamani, jirani yule. Bwana huyo, mmoja wa wale saba, alifika amechelewa, akaburuta stuli sakafuni mpaka meno yakauma, akasimamisha ubao wake mbele ya macho ya watu. Akatafuna karanga, maganda akayaachia chini. Simu ikalia, akaipokea, akamweleza shemeji yake habari za mabati tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akachukua brashi ya mama bila kuomba, akaichovya kwenye rangi nyeusi, akairudisha vilevile bila kuiosha. Nani hapa hajawahi kuketi karibu na mtu wa namna hiyo? Naona mnatazamana. Msitazamane.

Mama alivumilia. Akaguna, akasonya, akavumilia tena. Mkono ulichora, lakini moyoni alikuwa akiyapanga makosa ya yule bwana moja baada ya jingine, na kila alipodhani yamekwisha, lilizuka jipya. Mwishowe uvumilivu ukamwishia, akaweka brashi chini.

"Kaka, hapa si sokoni," alimwambia. "Tuko wanane humu ndani, lakini wewe unakaa kana kwamba uko peke yako."

Yule bwana akajibu kwamba amekuja kuburudika, si kufundishwa adabu. Basi mama akawageukia wenzake, akawahutubia: habari ya kuchelewa, habari ya simu, habari ya kuchukua vitu vya watu. Alisema vizuri, na kila neno lilikuwa kweli. Akataka watu wapige kura, bwana yule atolewe. Mikono ikaanza kuinuka.

Ndipo kikasikika kishindo. Mzee alikuwa ameanguka, yeye na kigoda chake.

Walimkuta miguu imekufa ganzi, midomo imekauka, paji la uso limechubuka. Mama akapiga magoti kando yake. Aliitazama saa na kuona imepita saa nzima na robo.

"Baba, kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Niliambiwa nisitikisike mpaka mwenye saa aseme," mzee akamjibu. "Nikakungoja, mwanangu. Umesema mengi, ila hilo hukulisema."

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Bwana wa karanga hakuwa na haki hata chembe, na wenzake tunao humu humu. Tunajua ni nani huingia ibadani tukiwa katikati ya sala, na simu ya nani hulia kila Jumapili. Mimi mwenyewe nawajua kwa majina, na wananichosha. Lakini wakati sisi tunawahesabu hao, ni nani ametulia kimya kwa sababu sisi tulimwambia atulie? Yule mgonjwa tuliyemwambia, "Tutakuja." Yule mjane tuliyemwambia, "Vumilia kidogo, tunalishughulikia." Ametutii. Hapigi kelele, hachelewi, hamkeri mtu, na ndiyo maana tumemsahau.

Wewe unamjua wako. Mwendee leo hii, kabla hujala chakula cha mchana, kwa sababu huyo hatalalamika. Ataanguka tu.