Mapokezi ya Bwana Jela

Ngwandu aliposhindwa uchaguzi mkoani, wakubwa walimfuta machozi kwa kumpa gereza aliongoze. Siasa hakuiacha. Kila asubuhi aliwahutubia wafungwa, na asiyepiga makofi hakula.

Mle alikuwamo Chamboko, aliyefungwa kwa kumzomea Ngwandu kwenye kampeni. Siku moja alikunja mikono.

"We! Mbona hupigi?" Ngwandu akafoka. "Leo hupati hata ugali!"

"Nimpigieje makofi mtu ambaye hata hakupokewa, mheshimiwa? Uliingia humu kimyakimya, kama sisi."

Ngwandu akashtuka. "Kwani nilitakiwa nipokewe?"

"Mkubwa gani hapokewi? Watu wanajipanga barabarani na matawi, yeye anakuja na msafara. Ila wewe watu huna."

"Sina watu? Humu ndani wamejaa tele!"

"Ndani, mzee. Mkubwa hapokewi ndani."

"Basi fungueni geti, watoke wajipange!"

"Na hawa askari?" akauliza Chamboko. "Au utakuja peke yako kama muuza karanga?"

Askari wote wakapandishwa magarini. Msafara ukaenda mpaka darajani, ukageuza. Ngwandu alirudi amesimama juu ya gari, akipunga mikono yote miwili.

Barabarani hapakuwa na mtu. Sare za wafungwa tu ndizo zilizotandikwa mpaka getini, kama kanga anazotandikiwa mgeni wa heshima.

Ngwandu akashuka, akazikanyaga kwa madaha.

"Unaona wanavyonipenda?" akamwambia dereva. "Wamenivulia mpaka nguo!"