Mnanaa Uliotupwa Jaani

Paukwa!

— Pakawa!

Palilimwa?

— Pakapandwa!

Kukanyesha?

— Pakaota!

Basi sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, maana hadithi hii ina kaburi ndani yake.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na mjane akiitwa Siwatu. Mumewe, Kombo, alifariki akamwachia nyumba ya udongo na ua mmoja nyuma yake. Ua wenyewe si mkubwa. Mbuzi wawili wakilala, wa tatu hana pa kujinyoosha. Lakini pembeni mwa ua huo alizikwa mtoto wao, Mize, aliyekufa kabla hajaota meno. Kila asubuhi Siwatu akitoka, kwanza humwamkia: "Umeamkaje, mama?" Halafu ndipo hushika ufagio.

Sasa sikilizeni mila ya kijiji kile. Mjane akitoka eda, alipewa masika moja. Mvua ya kwanza ikidondoka, apande miti ya dawa uani: mrehani, kivumbasi, mnanaa, chochote cha kumtuliza mtoto tumbo. Zikitimia siku arobaini, makungwi walikuja kukagua. Wakikuta mche umeshika, ua ni wake mpaka afe. Wakikuta udongo mtupu, ua hurudi kwa ndugu za mume. Walisema, "Ua hufuata mche."

Na ndugu wa mume alikuwa mmoja tu, Mwinyimvua, kaka yake Kombo. Ua wake ulitengwa na ua wa Siwatu kwa kiambaza cha makuti. Mwinyimvua aliutaka ua ule aongeze zizi la ng'ombe. Zizi, jamani! Juu ya mtoto! Kikulacho ki nguoni mwako.

Mvua ya kwanza ikaja. Siwatu akalainisha udongo, akachanganya na samadi iliyooza, akamwaga mbegu za mrehani, akafunika kwa nyasi. Siku ya saba vikachomoza vijani viwili viwili. Akafurahi, akaenda kisimani. Kurudi, kiambaza kina tundu, na kitalu kimejaa kuku wa Mwinyimvua, wanapekua.

"Shemeji, kuku wako wamenimalizia miche!"

"Pole, shemeji. Kuku hana akili."

Na aliyetoboa kiambaza, je? Ni kuku?

— La!

Siwatu akarudia. Mara hii akasia kivumbasi, akazungushia miiba. Miche ikafika kimo cha kidole. Akaenda kisimani. Kurudi, miche yote imelala, na udongo una weupe juu. Akauonja. Chumvi.

"Shemeji, udongo wangu una chumvi!"

"Labda ni machozi yako, shemeji. Umelia mno."

Mmeusikia ulimi huo? Wewe unayecheka huko nyuma, hujafiwa. Siku hiyo Siwatu alilia hasa. Hakulilia kivumbasi. Alimlilia Mize, kwamba atakanyagwa na kwato na mamake hatakuwa na ruhusa hata ya kufagia.

Akafuta macho. Siku zimekwenda, mbegu haziwahi tena. Akaenda kwa shoga yake akaomba vikonyo vya mnanaa. Akachimba ule udongo wa chumvi, akautupa mbali, akajaza mwingine, akavipanda kimoja kimoja, akavitilia kivuli cha makuti. Kisimani hakwenda tena, alikinga maji ya mvua. Mnanaa ukashika, ukaanza kutambaa. Zikabaki siku kumi.

Mara, msiba mtaani. Na msiba hauna udhuru. Siwatu akajifunga kanga, akaenda kuzika.

Mwinyimvua akaruka kiambaza. Akang'oa mnanaa wote, akaurusha upande wa pili, kwenye jaa lake la samadi. Akapangusa mikono, akaenda kula.

Siwatu aliporudi, alikuta mashimo. Hakumwita shemeji yake. Alikaa kando ya kaburi, na mvua ikamnyeshea.

Ikanyesha siku ya kwanza, ikanyesha ya pili, ikanyesha mpaka ya kumi.

Siku ya arobaini makungwi wakaja, Bi Mosi mbele na bakora yake. Wakatazama uani.

"Siwatu, mwanangu, mche uko wapi?"

"Nilipanda mara tatu, bibi, mara ya mwisho vikonyo vya mnanaa. Sina cha kuonyesha."

Mwinyimvua akatokea, vigingi vya zizi begani. "Bibi zangu, mila ni mila."

Bi Mosi akainua pua. "Nasikia harufu ya mnanaa."

Wakaifuata. Wakazunguka kiambaza. Looo! Jaani kwa Mwinyimvua mnanaa umeifunika samadi, majani mapana, yamenona.

"Nani kapanda huu?" akauliza Bi Mosi.

Mwinyimvua akaona hapa bora aseme ni wake. "Mimi, bibi."

"Uliupanda kwa kitu gani?"

"Kwa mbegu, bibi. Mbegu nzuri."

Wale bibi wakatazamana. Bi Mosi akainama, akang'oa shina moja, akalipindua. "Hili limeota kichwa chini. Lile limelala ubavu. Hivi ni vikonyo, na havikupandwa, vilitupwa. Mwinyimvua, mwanangu, mnanaa ukitaka kuuua, uanike juani. Ukiutupa kwenye samadi wakati wa masika, umeupanda mwenyewe."

Mchimba kisima?

— Huingia mwenyewe!

"Ua hufuata mche," akasema Bi Mosi. "Mche wa Siwatu umeshika hapa. Basi ua wake ni wake, na jaa hili pia ni lake, mpaka ukutani kwako."

Mwinyimvua akabwaga vigingi. Wote wakamtazama mjane.

"Bibi, jaa lake silitaki," akasema Siwatu. "Nataka jambo moja. Aurudishe mnanaa kwa mkono wake, aupande pale alipolala mwanangu."

Mwinyimvua akabeba miche, akapiga magoti kando ya kaburi. Tangu siku ya maziko hakuwahi kulisogelea. Akaona lilivyo dogo, halizidi mkono wake.

"Shemeji," akasema, "mtoto huyu alifanana na nani?"

"Na wewe," akajibu Siwatu. "Kombo alikuwa akimbeba na kusema, 'Tazameni, pua ya baba yake mkubwa.'"

Mwinyimvua akainamisha uso. Machozi yakamdondoka, na hapakuwa na wa kumcheka. Akatia kikonyo cha kwanza ardhini, akakishindilia udongo kwa vidole, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Na mimi hapa ndipo nalaza jembe. Ikiwa hadithi imeota, vuneni nyote. Ikiwa imekauka, niachieni mwenyewe.