Mwongo Akirudishiwa, Mkweli Hupekuliwa

Mwongo akirudishiwa, mkweli hupekuliwa.

Jana mlimsikia shangazi yenu akimjibu hivyo muuza mkaa, mkacheka, kisha mkaniuliza neno hilo limetoka wapi. Msidhani ni la wahenga waliovaa magome ya miti. Limezaliwa juzijuzi tu, Korogwe mjini, juu ya ngazi za saruji. Nataka mlijue mapema, maana ninyi sasa mmekua, mnatumwa dukani peke yenu, na mimi huku nyuma roho haitulii mpaka niwaone mmerudi. Basi lilianza hivi.

Supamaketi ya kwanza ilipofunguliwa pale mjini iliwekwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, watu wakaiita Ngazini. Zamani walizoea kusimama nje ya nondo za duka la mtaani, unataja shida yako, unapewa. Ngazini unaingia mwenyewe, unashika, unanusa, unarudisha, na hakuna wa kukufokea. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi cha bei mbele yake, kimechomekwa kwenye reli ya plastiki ukingoni mwa rafu.

Sasa vikaratasi vile vilibadilishwa kwa mkono, na mashine ya keshia ilikuwa na bei zake ndani. Mara rafu inasema hivi, mashine inasema vile. Meneja, kijana mmoja akiitwa Semboja, akaweka utaratibu. Mteja akiona ametozwa zaidi ya bei ya rafu, aje na risiti, aende na mhudumu mpaka kwenye rafu, wakitoe kile kikaratasi, walinganishe. Ikiwa ni kweli, anarudishiwa kilichozidi, na juu yake anapewa boksi la majani ya chai. Boksi hilo Semboja aliliita pole.

"Mtu amepanda ngazi mara mbili kwa kosa letu," alisema, "hata pole asipewe?"

Watu wakampenda sana.

Mtaa wa Manundu alikuwapo mke mmoja kijana, Mwajabu, mwepesi wa mikono na wa maneno. Aliishi nyumba moja na mama mkwe wake, Bi. Mwantumu. Huyu Bi. Mwantumu ndiye aliyekuwa mnunuzi wa mtaa. Wanawake wakichanga za msiba au za harusi, fedha zinafungwa kwenye pindo la kanga yake, anakwenda sokoni. Akirudi anamwaga chenji kwenye mkeka mbele ya wote, kisha anasimama, anaikung'uta kanga ile waone hakuna kilichobaki. Alifanya hivyo tangu Mwajabu hajazaliwa. Hakuwa na mali, hakuwa na cheo. Alichokuwa nacho ni kwamba akisema "nimenunua", watu hawaulizi.

Siku moja Mwajabu alinunua sabuni ya unga, akafika nyumbani akaona risiti imezidi. Akarudi. Akarudishiwa, akapewa na chai.

"Umefanya vizuri, mwanangu," Bi. Mwantumu akamwambia. "Haki yako usiiache kaunta. Ukiiacha leo, kesho wataihesabu ni yao."

Hilo lilikuwa neno zuri, na Mwajabu alilipokea vizuri. Lakini ile chai ilikuwa tamu. Alipokuwa anakoroga kikombe chake akawaza: kumbe kikaratasi kile kinachomoka. Kinachomoka kirahisi kama njiti ya kiberiti.

Alipokwenda tena akachomoa bei ya sabuni ndogo, akaichomeka mbele ya sabuni kubwa. Akanunua ile kubwa, akalipa bila neno, akateremka, akapumua, akapanda tena na uso wa mtu aliyeonewa.

"Jamani, mnatuibia hivi mchana kweupe?"

Wakaenda naye kwenye rafu. Kikaratasi si hicho hapo? Akarudishiwa, akaombwa radhi, akapewa pole yake. Akarudia tena, na tena, akawa anawauzia mama lishe wa stendi majani ya chai kwa bei ya chee. Na siri ikimkaa mtu kooni huwasha. Akawaambia mashoga zake wawili, nao wakawaambia wengine.

"Kwani unamwibia nani?" walicheka. "Rafu ina mama?"

Haukupita muda bei za Ngazini zikawa zinatembea kama kuku wa kienyeji. Bei ya viberiti imelala kwenye maziwa ya kopo, ya maziwa imepanda kwenye mafuta ya nywele. Semboja akaona hasara. Akagundua pia kuwa wajanja huingia na vikaratasi wamevificha kwenye mapindo na vikapu, wachomeke wanapopata nafasi. Basi akaongeza utaratibu: yeyote anayekuja kudai bei apekuliwe kwanza, yeye na mzigo wake, ndipo waende kwenye rafu. Na atakayekutwa navyo apigwe picha, ibandikwe kwenye ubao pale ngazi zinapoishia. Juu ya ubao akaandika: WAANGALIENI HAWA.

Shoga mmoja wa Mwajabu akawa wa kwanza kubandikwa. Mwajabu akaacha mchezo siku ileile. Alitubu? Hapana. Aliogopa, na hivyo ni vitu viwili. Kikapu chake cha ukindu kilikuwa kimetandikwa kipande cha mfuko wa saruji chini ili unga usivuje, na chini ya kipande kile alikuwa amebakiza vikaratasi kadhaa. Akavisahau kabisa, kama mtu anavyosahau deni la mtu mpole.

Ikafika arobaini ya mzee Kihiyo. Wanawake wakachanga, hata mjane mwenyewe akatoa chake, akasema naye anataka kumtolea mumewe. Fedha zikafungwa pindoni mwa Bi. Mwantumu. Asubuhi ya kwenda dukani mkono wa kikapu chake ukakatika.

"Mwajabu, niazime kikapu chako, mama."

Mkamwana hamwambii mama mkwe wake "subiri". Mwajabu alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria motoni. Akakichukua kikapu ukutani, akakitoa kwa mikono miwili kwa adabu kama alivyofunzwa, asikifungue. Na Bi. Mwantumu naye hakukifungua, maana kwao kuchungulia kikapu cha mtu mbele yake ni kumwambia humwamini. Mtoto akaachwa kwa jirani, wakaondoka pamoja.

Wakanunua mchele, sukari, tambi na dumu la mafuta ya kupikia. Walipomaliza kulipa, Bi. Mwantumu akasimama kando na risiti yake, akaisoma kwa kidole, polepole.

"Mafuta yamezidi," akasema. "Rafu haikusema hivi."

Mwajabu akamshika mkono. "Mama, tuache. Ni kidogo."

"Kidogo cha nani? Ingekuwa yangu ningeacha. Hii ni ya watu, Mwajabu. Kuna mjane ametia mkono wake humu."

"Watakupekua."

"Na wanipekue! Nimebeba nini?"

Akaenda kudai. Mlinzi alikuwa dada mmoja mwenye heshima zake, Veneranda. Akamwamkia, akasema, "Unisamehe, mama, ndio utaratibu. Nyoosha mikono."

Bi. Mwantumu akanyoosha mikono yote miwili, mtu mzima yule, kama mtoto anayevuliwa shati. Mwajabu akatazama chini. Veneranda akampapasa mapindo, hakuna kitu. Akahamia kwenye kikapu, akatoa mchele, akatoa sukari, akatoa tambi, akaliweka dumu pembeni. Kisha akainua kile kipande cha mfuko wa saruji.

Hapo ndipo Mwajabu alipokumbuka.

Veneranda akavipanga mezani kimoja kimoja, bei ya sabuni, bei ya maziwa, bei ya viberiti. Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Hee! Na ushungi wote huo!" akasema mmoja.

"Ndiyo maana kila siku anakung'uta kanga," akadakia mwingine. "Kumbe mali iko kikapuni!"

Wakacheka. Semboja akaitwa, akaja, akavitazama vile vikaratasi, akamtazama na bibi. Hata yeye ilimwuma.

"Mama, hivi vimeingiaje humu?"

Bi. Mwantumu aliviangalia, akakiangalia na kikapu. Kisha akainua macho, yakatua kwa Mwajabu mara moja tu. Na Mwajabu akajua kuwa amejua. Sasa ilibaki neno moja: kikapu hiki si changu. Angelisema, angekuwa huru palepale. Mwajabu alilisubiri lile neno kama mtu anayesubiri kofi.

"Kikapu nimeingia nacho mimi," Bi. Mwantumu akasema.

"Sicho nilichouliza, mama."

"Ndicho ninachoweza kukujibu, baba."

Semboja akapumua kwa nguvu. "Basi sina budi. Nitakupiga picha." Akatoa simu yake mfukoni.

Wanangu, hapo Mwajabu alikuwa na njia iliyonyooka ya kupona. Anyamaze tu. Mama mkwe wake alikuwa ameshamfunika, na mtu yule akifunika hafunui. Wangeteremka ngazi, wangekwenda nyumbani, na mumewe asingejua mpaka kufa. Lakini nani tena angefunga fedha kwenye pindo la Bi. Mwantumu? Nani angekaa mkekani asubiri chenji yake? Wangempita mlangoni na michango yao, wakimwamkia kwa heshima, wakienda kwa mwingine. Wangemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho, na yeye asingefungua mdomo.

"Inua uso kidogo, mama," Semboja akasema.

Bi. Mwantumu akaishika kanga yake kichwani, akaiweka sawa, akaibana pembeni vizuri, kama mtu anayepigwa picha ya Idi. Hakutaka aonekane ovyo pale ubaoni.

Mwajabu hakuweza kuona zaidi.

"Ni vyangu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kikapu ni changu, vikaratasi ni vyangu. Niliviweka mimi. Mama huyu hajui hata namna vinavyochomekwa!"

"Wewe ni nani wake?" Veneranda akamwuliza.

"Mke wa mwanawe."

"Mwajabu, nyamaza," Bi. Mwantumu akasema kwa sauti ya chini.

"Sinyamazi, mama. Unisamehe, leo sinyamazi." Akamgeukia Semboja. "Zile sabuni nilizokuwa nakuja kudai, wewe ukaniomba radhi, nilikuwa nahamisha bei mimi. Chai zenu nimeziuza stendi. Nipige picha mimi."

Semboja akateremsha simu. Kisha akafanya jambo la haki: akamwambia Bi. Mwantumu, "Twende kwenye rafu, mama." Wakaenda. Kikaratasi cha mafuta kilikuwa hapo, cha kwao wenyewe, cha zamani, kimesahaulika relini. Bibi alikuwa na haki tangu mwanzo. Akarudishiwa kilichozidi mbele ya foleni ileile, na Semboja akamletea boksi la chai kwa mikono miwili.

"Hilo liache," Bi. Mwantumu akasema. "Pole yako nimeshaipata."

Ndipo Mwajabu akasimamishwa ukutani, akapigwa picha.

Njiani Mwajabu alibeba dumu, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafuta. Walipofika penye daraja, Bi. Mwantumu akasimama, akayafuta kwa ncha ya kanga yake, akaendelea na safari.

Mumewe alipojua hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwambia tu akalipe zile chai, na Mwajabu alizilipa kwa kufua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka.

Kwenye arobaini wanawake walikuwa wamekwisha kusikia. Bi. Mwantumu akamwaga chenji kwenye mkeka, akaikung'uta kanga kama kawaida yake. Mjane wa mzee Kihiyo akashindwa kuvumilia.

"Lakini, dada, mikono juu? Wewe? Umeitunza mitaa yote hii na fedha zake, wakupekue wewe?"

Mwajabu alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, akasubiri jina lake litajwe. Halikutajwa.

"Mwongo akirudishiwa," Bi. Mwantumu akajibu, akiikunja kanga yake, "mkweli hupekuliwa."

Wanawake wakatikisa vichwa. Neno likatoka pale mkekani, likateremka Manundu, likaenda sokoni, na leo limefika kwenu.

Mnadhani yakaishia hapo? Watu walimwendea Semboja wakamwomba aondoe upekuzi, maana ukweli umejulikana. Akawajibu, "Ningependa. Lakini anayekuja na haki na anayekuja na hila wanapanda ngazi moja, na uso ni uleule. Nitawajuaje?" Upekuzi ukabaki. Ile picha ya Mwajabu ilibabuka kwa jua, ikang'olewa, ikatupwa, lakini upekuzi ulibaki.

Na Bi. Mwantumu hakuacha kudai. Bei ikizidi anarudi, hata kama magoti yanamwuma. Mwajabu humsindikiza. Hufika juu wakitweta, na yule mama, ambaye hajawahi kuchukua cha mtu, hunyoosha mikono yake miwili hewani bila kuambiwa, anatazama mbele, anapapaswa. Mwajabu husimama kando akiona. Kila mara huona. Hilo halilipiki kwa kufua.

Kwa hiyo mkizidishiwa, daini, tena daini kwa sauti; sijawazaa muwe waoga. Ila anayewaambia rafu haina mama, mwambieni mama wa rafu ni yule mwenye haki anayekuja nyuma yako. Wewe utapata chako uondoke. Atakayenyooshwa mikono ni yeye.

Mwongo akirudishiwa, mkweli hupekuliwa.