Nyota Iliyomegwa na Shimo Jeusi

Kaeni kimya niwape kesi, nyie mnaojiona mna akili. Chuoni kwetu kulikuwa na wanafunzi watatu. Kahindi alijaliwa uvivu. Ndiyo, uvivu, usinikodolee macho. Mwanahawa alijaliwa ubishi. Mkala alijaliwa hesabu, na majivuno juu yake.

Kazi yao ilikuwa kusoma miale ya eksirei inayonaswa na darubini iliyo angani. Siku moja chanzo kimoja cha miale hiyo, mbali huko, kikawa kinawaka ghafla, kinafifia, kinawaka tena. Profesa Tunje, bingwa wa kudharau asichokijua, akasema, "Darubini mbovu hiyo. Kahindi, futa kumbukumbu zake!"

Kahindi hakufuta. Aliona ni kazi, akaenda zake kula mihogo. Wiki tatu kumbukumbu zikakaa salama, eti kwa kipaji chake.

Mwanahawa akazikuta. Huyo hata ukimwambia kumekucha atabisha. Akazichapa zote, akazipanga sakafuni, akatambaa juu yake siku nzima. "Kinawaka kila baada ya saa saba," akasema. "Ubovu gani huo wenye ratiba?"

Mkala akamcheka. "Hata ubovu huweza kuwa na ratiba. Ila darubini huzunguka dunia kwa saa moja na nusu. Ingekuwa mbovu, hitilafu ingefuata mzunguko wake, si saa saba zako." Akapiga hesabu siku nne, akatoka na jibu: kuna shimo jeusi, lile la angani linalomeza hata mwanga, na nyota inalizunguka. Kila nyota ikipita karibu, shimo linaimega. Kipande hicho hupata joto kali kabla ya kumezwa, ndicho kinachowaka.

Haya, wamegundua. Ikaja barua ya wataalamu wa nyota: aje mgunduzi mmoja kuutangaza ugunduzi, na chanzo hicho kitaitwa kwa jina lake. Lo! Waliokula sahani moja miaka mitatu wakageukana.

"Bila mimi mngesoma nini?" akasema Kahindi.

"Wewe ulilala! Mimi ndiye niliyeona," akasema Mwanahawa.

"Uliona taa inawakawaka," akasema Mkala. "Mimi ndiye niliyejua ni nini."

Hakuna aliyemtetea mwenzake hata kwa neno moja. Aibu tupu! Profesa Tunje akawaambia, "Kesho adhuhuri nileteeni jina moja. Mkishindwa, naandika langu."

Mnacheka? Msicheke, amueni. Ukimtoa yeyote kati ya wale watatu, hakuna ugunduzi. Ukinyamaza, anakwenda Tunje. Haya, kalamu hiyo: wewe ungemwandika nani?